Mvuke wa Olkaria na mafuta ya mbono: nani anafaidika, nani anabeba gharama

Katika mipango ya nishati ya nchi zetu, jotoardhi na nishatimimea huwekwa fungu moja na jua, upepo na maji, chini ya jina la nishati jadidifu. Msomaji akipita haraka anaweza kudhani ni vitu vya ukoo mmoja, kwamba ukikosa hiki utachukua kile. Sivyo. Jotoardhi linatoka kilomita mbili au tatu chini ya miguu yetu na linatupa umeme. Nishatimimea inaota shambani na inatupa kitu cha kumimina kwenye tangi au jikoni.

Hata hasara zake hazifanani, na hapo ndipo mjadala mwingi unapopotea njia. Gharama ya jotoardhi huja mwanzoni, kwa mkupuo, na machungu yake huwaangukia watu wachache wanaoishi juu ya mvuke. Gharama ya nishatimimea huja kila msimu, nayo husambaa kwa wakulima, mito, misitu na bei ya unga. Kwa hiyo anayeuliza kama nishati fulani ni nzuri au mbaya, kwanza aulize inalipiwa lini, na mfukoni mwa nani.

Umeme unaotoka chini

Bonde la Ufa ni mahali ambapo bara la Afrika linapasuka polepole. Ganda la dunia limekonda, na mwamba ulioyeyuka umekaribia juu kuliko kwingine. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa na kukutana na mawe ya moto, yakafikia nyuzi 250, mahali pengine zaidi ya 300, na bado hayachemki kwa sababu yamebanwa na uzito wa kilicho juu yake. Kisima kikifika huko, maji hupanda, mgandamizo unapungua njiani, na sehemu yake hugeuka mvuke kwa kishindo. Juu kuna tangi la chuma linalotenganisha vitu viwili hivyo. Mvuke hupelekwa kuzungusha turbini, na maji ya chumvichumvi yaliyobaki hurudishwa ardhini kupitia visima vingine.

Ukipita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, utayaona mabomba yanayobeba mvuke huo yakipita kwenye vilima. Hayaendi moja kwa moja. Kila baada ya masafa fulani bomba linakunjwa: linapanda, linavuka, linashuka, kisha linaendelea na safari. Chuma kikipata joto hurefuka, na kisipopewa nafasi ya kurefukia kitapasuka, ndiyo maana ya mikunjo hiyo. Pale ambapo mkunjo umeinuliwa juu vya kutosha, twiga hupita chini yake.

Kazi ya Olkaria, uwanja huo wa mvuke wa Naivasha, nchini Kenya, haikuanza jana. Visima viwili vya majaribio vilichimbwa kati ya mwaka 1956 na 1959, havikuridhisha, vikaachwa. Uchunguzi ukafufuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 megawati 15 za kwanza zikaingia kwenye gridi. Yaani robo karne ilipita tangu kisima cha kwanza hadi taa ya kwanza. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, inaongoza Afrika, na imo kati ya nchi kumi za juu duniani. Zaidi ya uniti 4 katika kila 10 za umeme unaozalishwa nchini zinatokana na mvuke. Inafaa kukumbuka pia kwamba Kenya haikuwa ya kwanza barani. Wakongomani wa Katanga waliwahi kuwa na mtambo mdogo wa kilowati 200 pale Kiabukwa mapema miaka ya 1950, ukihudumia mgodi kwa maji ya moto ambayo hata hayakufika nyuzi 100.

Faida kubwa ya mvuke huu ni kwamba haujali mvua. Kati ya mwaka 1999 na 2001 ukame ulikausha mabwawa ya Mto Tana, na Kenya ikaingia kwenye mgawo wa umeme uliofunga viwanda na kuwasha jenereta za dizeli za kukodi. Watanzania wanazo kumbukumbu zao za mwaka 2006 na 2011. Nchi inayotegemea mabwawa inaomba mvua, na mvua ikikosekana inanunua mafuta kwa dola. Mvuke haununuliwi. Upo mchana na usiku, masika na kiangazi, na mtambo unaotunzwa vizuri hufanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya saa zote za mwaka. Paneli za jua na mashine za upepo hazifikii hapo. Tena eneo linalochukuliwa na visima na mabomba ni dogo ukilinganisha na bwawa linalozamisha bonde zima.

Na faida haziishii kwenye umeme. Pale Eburru, kwenye milima iliyo kaskazini-magharibi mwa Ziwa Naivasha, wakazi tangu zamani wanaukamata mvuke unaotoka ardhini kwa mabomba, unapoa, unatiririka ukiwa maji ya kunywa. Ni sehemu isiyo na mto, na maji hayo yamewatunza. Mvuke huohuo uliwahi kutumika kukaushia pareto. Kampuni ya maua ya Oserian ilianza mwaka 2003 kupasha joto nyumba zake za kioteshea kwa kisima cha Olkaria, ili unyevu wa usiku usilete ukungu kwenye waridi. Menengai, juu ya mji wa Nakuru, nako kumefanyiwa majaribio ya kuchemshia maziwa na kufugia samaki kwa maji ya moto. Kwangu hili ndilo eneo lililopuuzwa kuliko yote. Kukausha mahindi, chai na nafaka hakuhitaji nyuzi 300 wala turbini, kunahitaji joto la wastani tu, na joto hilo linatupwa.

Bili ya mwanzo

Sasa upande wa pili. Kisima kimoja cha kilomita tatu hugharimu mamilioni ya dola, na hakuna anayejua kwa hakika kilichomo mpaka amefika chini. Wataalamu husoma dalili: gesi zinazotoka, chemchemi za moto, mitetemo midogo ya ardhi, jinsi miamba inavyopitisha umeme. Dalili zinaweza kudanganya. Rwanda ilichimba kwenye miteremko ya mlima Karisimbi mwaka 2013 na 2014, ikashuka mita 3,015 kwenye kisima cha kwanza, na haikukuta jotoardhi la kutumika. Mlima ni wa volkano, majirani wake wanatema lava hadi leo, lakini kisima kilikuwa kikavu. Kwa nchi ndogo, hiyo ni pesa ya shule na hospitali iliyoishia kwenye shimo.

Benki hazipendi kukopesha shimo. Ndiyo sababu Kenya iliunda kampuni ya serikali, GDC, mwaka 2008, ibebe hatari ya kuchimba halafu iwauzie wawekezaji mvuke uliokwisha kupatikana. Wazo ni zuri, ila hata hivyo muda ni mrefu. Menengai, mitambo ya kuchimba iliingia mwaka 2011. Mtambo wa kwanza wa umeme, wa megawati 35, ulianza kazi mwaka 2023. Tanzania nayo iliunda kampuni yake ya jotoardhi, TGDC, mwaka 2013, na maeneo kama Ngozi na Kiejo-Mbaka huko Mbeya yamefanyiwa uchunguzi kwa miaka mingi. Mwananchi anayeambiwa kwamba jotoardhi litashusha bei ya umeme kesho anapewa ahadi ambayo miamba haiwezi kuitimiza. Mikopo ya kuchimba ni ya dola, nayo hulipwa kupitia bili kwa miaka ishirini na zaidi. Mafuta hayanunuliwi, ni kweli, lakini deni linalipwa.

Kuna kasoro nyingine ambayo wengi hawaijui. Usiku wa manane mahitaji ya umeme Kenya hushuka hadi karibu nusu ya yale ya saa moja jioni. Viwanda vimefungwa, taa zimezimwa, na wakati huohuo upepo wa Turkana unavuma kwa nguvu. Gridi haina mahali pa kupeleka umeme wote. Visima vya mvuke havifungwi na kufunguliwa kama bomba la maji, maana kupoa na kupata moto tena kunaharibu mabomba ya ndani. Kwa hiyo mitambo inapunguzwa kasi, na mvuke uliolipiwa kwa mamilioni unaachiwa upotee hewani. Mtu wa Kajiado au Kilifi anayesafisha mahindi kwa mwanga wa kibatari ana haki ya kuuliza imekuwaje.

Watu waliokuwa juu ya mvuke nao wana lao. Mtambo wa Olkaria IV ulipojengwa, familia takriban 150 za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 na kupelekwa kijiji kipya kilichoitwa RAPland. Nyumba walizopewa zilikuwa za kudumu, na shule ilijengwa. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa na makorongo na miteremko mikali, barabara ilikuwa ngumu, hati za ardhi zilichelewa, na walikuwa mbali na watalii waliokuwa wakinunua shanga zao. Wakapeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, taasisi zilizotoa fedha za mradi. Uchunguzi ukafanyika, kisha usuluhishi. Haya si mambo ya pembeni ya kutajwa kwa sentensi moja kwenye ripoti. Jamii hiyo ilikuwa imeshapoteza malisho kwa hifadhi ya Hell's Gate mwaka 1984. Umeme unamfikia mpangaji wa Nairobi, naye hajaombwa chochote. Anayehama ni mfugaji, na kwa jinsi alivyotendewa mwaka 2014, mwenye ng'ombe Baringo leo ana sababu ya kuwa na shaka akiona mtambo wa kuchimba unapanda mlima Paka.

Kuhusu hewa, mvuke hautoki peke yake. Unakuja na kaboni dayoksaidi na hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Kwa kiasi kidogo ni kero. Ikijikusanya mahali pa bondeni pasipo na upepo ni hatari kwa uhai, ndiyo maana wafanyakazi hutembea na vipimo. Kaboni inatofautiana sana kwa mahali. Mahali pengi ni sehemu ndogo tu ya ile ya makaa ya mawe, lakini baadhi ya visima vya magharibi mwa Uturuki, vyenye miamba ya chokaa, vilianza kwa kutoa kaboni inayokaribia ya makaa. Hivyo neno safi linahitaji kupimwa kisima kwa kisima.

Wapo pia wanaohofia matetemeko. Yaliyotajwa sana ni ya Basel, Uswisi, mwaka 2006, na Pohang, Korea Kusini, mwaka 2017. Yote mawili yalihusu miradi ya kusukuma maji kwa nguvu ili kuvunja mwamba mkavu. Olkaria haifanyi hivyo, kwani mwamba wake una nyufa na maji tayari. Ninachokiona kuwa tishio la kweli kwetu ni ulafi wa kuvuta kuliko ardhi inavyoweza kujaza. Pale The Geysers, California, wawekezaji waliongeza mitambo bila kupimiana, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mgandamizo ukaanza kuporomoka. Uwanja huo uliokolewa kwa kupelekewa maji taka yaliyosafishwa ya miji ya jirani na kuyasukuma chini. Nishati ni jadidifu kwa sharti kwamba unarudisha maji na hukimbizi megawati.

Mafuta yanayoota

Nishatimimea ni jina la vitu vingi. Kuna ethanoli, ambayo ni pombe kali inayotokana na miwa, molasi, muhogo au mahindi, na huchanganywa na petroli. Kuna dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mbegu. Kuna biogesi ya kinyesi na mabaki. Kuna pia makapi ya miwa yanayochomwa kiwandani kutoa umeme. Kuyahukumu yote kwa pamoja ni kosa la kwanza.

Mmea wa kawaida hugeuza karibu asilimia 1 tu ya mwanga wa jua unaouangukia kuwa mwili wake. Paneli ya sola hugeuza asilimia 20 hivi kuwa umeme. Kwa hiyo mmea kama mashine ya nishati ni dhaifu, na udhaifu huo hulipwa kwa ardhi na maji. Nguvu yake ni kwamba unatoa kimiminika kinachokaa kwenye pipa miezi na kubeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo.

Tuchukue miwa, ambayo ndiyo bora katika mimea ya ethanoli. Hekta moja ikitoa tani 65, na kila tani ikatoa lita 70, unapata lita 4,500 hivi. Nchi inayotumia lita bilioni 2 za petroli kwa mwaka na kutaka kuchanganya asilimia 10 ya ethanoli inahitaji lita milioni 200. Hizo ni zaidi ya hekta 40,000 za miwa ambayo haitatoa hata kilo moja ya sukari. Na kwa kuwa lita ya ethanoli ina karibu theluthi mbili tu ya nguvu ya lita ya petroli, lita hizo milioni 200 zinaokoa petroli lita milioni 130 na kidogo. Kenya bado inaagiza sukari kutoka nje.

Molasi ni habari nyingine. Ni masalia meusi yanayobaki baada ya sukari kutolewa, na tani moja ya miwa inaweza kutoa lita 10 hivi za ethanoli kwa njia hiyo bila kuongeza hata ekari moja. Ndivyo Kenya ilivyoanza. Kiwanda cha Muhoroni kilianza kazi miaka ya 1980 na kwa karibu mwongo mmoja petroli ikauzwa ikiwa imechanganywa na ethanoli. Malawi ilianza mwaka 1982 pale Dwangwa, na haikuacha. Kenya iliacha. Petroli ilishuka bei duniani, ethanoli ikapata wanunuzi viwandani na nje waliolipa vizuri zaidi, na hakukuwa na sheria iliyoushika mpango usimame. Hata molasi ina wenyewe: wafugaji huwalishia ng'ombe wakati wa kiangazi, na wapika chang'aa hawakosi. Juu ya hayo, kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za maji machafu yanayonuka na yanayoua samaki yakifika mtoni bila kusafishwa.

Brazili hutolewa mfano kila mara. Ilianza mpango wake mwaka 1975 baada ya bei ya mafuta kupanda, na leo petroli yake yote ina ethanoli nyingi. Ilifika huko kwa ardhi kubwa yenye mvua, ruzuku za miongo, utafiti wa mbegu usiokatika, na viwanda vinavyojiendesha kwa kuchoma makapi yake vyenyewe. Marekani hutumia zaidi ya theluthi moja ya mahindi yake kwa ethanoli, na chakula kilipopanda bei duniani mwaka 2007 na 2008, mahitaji hayo yalikuwa miongoni mwa sababu, ingawa watafiti hawakukubaliana juu ya uzito wake. Kwa nyumba ambayo ugali ndio mlo, mabishano hayo ya kitaalamu hayapunguzi bei ya pakiti.

Mbono kaburi

Hakuna kisa kinachonihuzunisha katika historia hii kuliko cha jatrofa, mmea ambao Tanzania wengi huuita mbono kaburi. Kwa vizazi ulipandwa kama uzio na alama ya makaburi, kwa sababu mbuzi hawauli. Kati ya mwaka 2005 na 2008, bei ya mafuta ikipanda na Ulaya ikiwa imejiwekea malengo ya nishatimimea, mmea huo ukageuzwa muujiza. Tuliambiwa unastawi kwenye ardhi isiyofaa kitu, hautaki maji, na unatoa tani 5 za mbegu kwa hekta au zaidi.

Kwamba mmea unavumilia ukame ni kweli. Lakini kuishi si kuzaa. Jatrofa iliyopandwa kwenye udongo duni bila maji ilibaki hai na kuzaa konzi chache. Iliyopewa udongo mzuri na maji ilizaa, lakini hapo ilikuwa imechukua shamba la mahindi. Matunda yake hayaivi kwa pamoja: kwenye tawi moja utakuta la kijani, la njano na lililokauka, kwa hiyo mchumaji hana budi kurudi kwenye mti uleule mara kwa mara na kuchuma moja moja, kisha abangue kwa mkono. Lita moja ya mafuta inataka kilo 4 hivi za mbegu. Makapi yake yana sumu, hayalishi mifugo. Mwaka 2009 utafiti uliofanywa Kenya na taasisi za utafiti wa miti, ICRAF na KEFRI, pamoja na kampuni ya Endelevu Energy, kwa ajili ya shirika la Ujerumani la GTZ ulipima mashamba ya mamia ya wakulima na kukuta mavuno madogo mno. Ushauri wake ulikuwa wazi: mmea huu usipandwe na mkulima mdogo isipokuwa kama uzio. Yaani mahali pale walipouweka mababu.

Wakati huo ardhi ilikuwa imeshakwenda. Kisarawe, kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka kwenye vijiji 11, kwa mkataba wa miaka 99, na mwaka 2011 ikasambaratika. Kilwa, kampuni ya Uholanzi ya Bioshape ilipewa zaidi ya hekta 30,000, sehemu kubwa ikiwa misitu ya miombo na ya pwani, na mwaka 2010 ikafilisika. Dakatcha, nyuma ya Malindi, Wagiriama na Wawatha walijikuta wakibishana na mpango uliotajwa kwanza kuwa wa hekta 50,000, kwenye pori ambalo ndilo moja kati ya makazi mawili ya uhakika ya ndege aina ya kwera anayepatikana Kenya peke yake. Huko wenyeji na watunza mazingira walipiga kelele kwa miaka, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ikakataa mradi.

Jambo la Kisarawe na Kilwa linalostahili kukaririwa na kila halmashauri ya kijiji ni la kisheria. Ili mwekezaji wa kigeni apate ardhi ya kijiji Tanzania, ardhi hiyo huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, chini ya serikali kuu. Mwekezaji akifilisika, haijirudii yenyewe kijijini. Wanakijiji walioruhusu mradi wakitarajia visima vya maji, zahanati na ajira walibaki bila ajira na bila haki ya kukata kuni walikokuwa wakikata. Kisima cha jotoardhi kikikosa mvuke, hasara ni ya benki na hazina. Shamba la mbono likikosa mavuno, hasara ni ya aliyetoa ardhi, na mara nyingi hakuna wa kumshtaki.

Pale nishatimimea inapofaa

Nisieleweke kwamba naikataa yote. Kipimo changu ni kimoja: inatokana na masalia, au inatafuta shamba jipya? Makapi ya miwa yanayochomwa kwenye kiwanda cha sukari cha TPC, Moshi, yanakiendesha kiwanda chenyewe, na umeme unaozidi unauzwa kwenye gridi. Kule Naivasha, shamba la mboga la Gorge Farm lilijengewa mtambo wa biogesi wa megawati 2 unaokula mabaki ya mboga na mabua. Ng'ombe wawili au watatu wanaolala zizini wanaweza kuwasha jiko la familia na kuacha mbolea bora kuliko kinyesi kibichi, ili mradi maji yapo karibu na kuna fundi wa kurudi kurekebisha. Mitambo mingi ya nyumbani ilikufa kwa kukosa fundi huyo.

Na kuna jiko la ethanoli. Kuni na mkaa bado ndivyo vinavyopikia nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na moshi wake unaua wanawake na watoto polepole. Ethanoli inawaka bila masizi na inauzwa kwa vipimo vidogo, jambo linalomfaa mtu anayepata pesa kwa siku. Kampuni ya KOKO iliuza mafuta hayo kwenye maduka ya mitaani Kenya na kufikia nyumba zaidi ya milioni moja. Bei iliwezekana kwa sababu ya mapato ya kuuza hati za kaboni, yaani hati za hewa chafu iliyozuiwa ambazo wengine hununua, na huo ndio udhaifu wa mpango wa namna hiyo: jiko la mama wa Kayole, Nairobi, lilitegemea soko lililo mbali naye kabisa. Hata hivyo, kama lita za molasi ni chache, naona bora ziende jikoni kuliko kwenye magari.

Maana magari tunaweza kuyaendesha kwa kitu kingine. Rudi kwenye ule mvuke unaotupwa usiku. Chukua megawati 100 kwa saa 5 tu: ni uniti 500,000. Toa moja ya tano ipotee njiani na kwenye kuchaji, zinabaki 400,000. Pikipiki ya umeme hutumia uniti 4 hivi kwa kilomita 100, kwa hiyo hizo ni kilomita milioni 10. Bodaboda ya petroli ingekula lita 250,000 kwa mwendo huo. Kwa hesabu ya miwa tuliyofanya juu, lita hizo zingehitaji zaidi ya hekta 80 kwa mwaka mzima, na hapa tumezungumzia usiku mmoja. Mwaka 2023 Kenya ilianza kutoza bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme, na usiku bei hiyo ni nusu ya ya mchana. Mpango huo mdogo wa bei unaweza kuokoa petroli nyingi kuliko sera yoyote ya kuchanganya ethanoli, na hakuna mfugaji mpya anayehamishwa kwa ajili yake, maana visima vimeshachimbwa.

Inabaki ndege, ambayo betri haiibebi safari ndefu. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways ilitoka Nairobi kwenda Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta mbadala yaliyotengenezwa na Eni, kampuni ya mafuta ya Italia. Kampuni hiyohiyo ina kituo Makueni tangu mwaka 2022 cha kukamua mbegu za mbarika, pamba na nyinginezo, na mafuta hayo husafirishwa kutoka Mombasa kwenda kusafishwa Sicily. Tofauti na enzi za mbono, hapa ardhi inabaki ya mkulima, naye anaweza kupanda mbarika pembeni mwa kunde na mbaazi. Hilo ni afadhali kubwa. Yaliyobaki ni ya kuangaliwa kwenye mkataba, kifungu kwa kifungu: bei ya kilo imewekwa kabla ya kupanda au baada ya kuvuna, mbegu ikikataa kuota ni nani anayelipa, na kwa nini usafishaji, ambako ndiko faida iliko, ufanyike ng'ambo ya bahari wakati Naivasha kuna joto la bure usiku kucha.